Mwaka Tuliomtafutia Mtoto Jina la Amani

Tulimzika Mama Sifa, mama mkwe wa dada yangu, huko Buffalo mwezi wa pili, siku ambayo theluji ilikuwa imesukumwa kandokando ya njia za makaburini hadi ikawapita watoto kwa urefu. Kanisani, kabla ya mahubiri, wajukuu waliitwa mmoja mmoja waende mbele na ua. Mchungaji aliyasoma majina bila shida, mpaka alipofika kwa binti wa dada yangu. Akasita, akasogeza karatasi karibu na macho, akasema, "Sereniti." Akina mama wa Buffalo waliokuwa safu ya nyuma yangu wakaitikia kwa sauti ya chini, "Eeh, Sereniti ya Mama Sifa." Nilikuwa sijalia tangu nilipopigiwa simu ya msiba. Nikalia hapo. Dada yangu Feza, aliyekaa pembeni yangu, alinipa kitambaa chake bila kunitazama. Watu walidhani namlilia marehemu tu. Nilikuwa namlilia, tena sana, lakini akili yangu ilikuwa imenirudisha Louisville, mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini, mwaka nilioiharibu vibaya kazi ambayo leo ndiyo inanilisha. Leo mimi ni mkalimani wa hospitali. Kabla ya kila mgonjwa nasema kwa lugha mbili kwamba nitatafsiri kila kitakachosemwa humu ndani. Wenzangu husema sentensi hiyo haraka haraka, kama mtu anayefunga mkanda wa gari. Mimi sijawahi kuisema haraka.

Tulikaa mtaa wa Iroquois, ghorofa ya pili, vyumba viwili na sebule yenye zulia la rangi ya chai na dirisha moja lililotazama maegesho ya magari. Tulikuwa watatu: mimi, Feza, ambaye nilimwita Yaya kwa kuwa ni dada yangu mkubwa, na mume wake Bahati, ambaye alifanya kazi kwenye ghala la vifurushi na kuondoka kila siku saa nane mchana akiwa amebeba chakula chake kwenye kopo la siagi. Asubuhi nilikwenda darasani kumalizia sekondari, na mchana nikawa mdomo wa nyumba. Barua zikija, nilisoma mimi. Simu ikilia na sauti ikiwa ya Kiingereza, nilipewa mimi, hata kama nilikuwa bafuni. Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya kambi ya wakimbizi, kimejaa mashimo, lakini ndani ya nyumba ile kilikuwa ndicho kikubwa kuliko vyote, na nikiwa mkweli, nilikipenda kile cheo. Yaya alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kambini, zote akiwa ameshazishonea nguo, kwa hiyo safari hii hakushona chochote wala hakutaka mtu ataje tarehe. Alitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyebeba sufuria ya maji yaliyojaa hadi ukingoni.

Mwezi wa saba tulipanda basi kwenda Buffalo, kumpa mama mkwe wake habari ana kwa ana. Mama Sifa aliishi kwenye nyumba ya mbao yenye ngazi inayolia, na jiko lake lilinuka samaki wakavu na mafuta ya mawese tangu mlangoni. Juu ya televisheni palikuwa na picha moja tu, ya msichana wa miaka kumi na saba aliyevaa sare ya shule, ikiwa imefungwa kwa plastiki. Huyo ndiye Sifa, binti aliyeuawa njiani siku walipokimbia. Miaka ilikuwa imepita na watoto wengine walikuwa hai, lakini hakuna aliyemwita yule mama kwa jina lingine. Tulilala sebuleni, chini ya ile picha. Asubuhi, kabla hatujainuka, tulimsikia jikoni akiongea na jirani yake huku akitwanga pilipili. "Bon, akizaliwa mwanamke, ni Sifa," alisema. "Mi nitaita tena ile jina ndani ya nyumba yangu mbele ya kufa." Jirani akasema amina. Yaya alikuwa amelala chali, macho wazi, mikono yote miwili juu ya tumbo. Akaninong'oneza, "Solange, mi siwezi. Siwezi kubeba jina ya mutu aliuawa humu ndani." Kisha mama mkwe akatuita tuje tunywe chai, naye akaamka, akaenda, akatabasamu, akala mikate mitatu kwa ajili ya heshima.

Mwezi wa nane kipimo kikaonyesha kwamba ni binti. Siku hiyo hiyo, tukiwa bado kwenye chumba cha kungojea pale kliniki, Yaya alikuta gazeti la akina mama lenye ukurasa wa picha ya njiwa na kitanda cha mtoto. Akaniuliza inasema nini. Nikamwambia: majina ya kisasa ya wasichana wa Marekani, yenye maana ya amani. Akaniangalia kama mtu niliyemwambia kuna dawa. "Yanauzwa?" akauliza, na tukacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kisha akasema, bila kucheka, "Uliza kama tunaweza chukua hiyo karatasi." Nesi alituruhusu kulichukua gazeti lote.

Ninachokumbuka zaidi katika mwaka ule ni jioni za ukurasa ule. Bahati akiwa kazini, mimi nilipika sombe, yale majani ya muhogo, au maharage, nikaweka wali, na Yaya akala akiwa kwenye kochi, kisha akaegemea mto na kusema, "Haya, soma." Nilisoma jina, nikasoma maana yake, nikaitafuta kwa Kiswahili. Niliitafuta kweli. Kuna jioni nilipoteza saa nzima kwa maana moja ya mistari miwili, nikipima kama ni amani, au raha, au ule ukimya unaokuja mvua ikishakata. Kwetu watoto wengi hubeba siku waliyozaliwa: nilisoma na msichana aitwaye Mateso, na shangazi yake Bahati aliitwa Vita. Yaya alitaka mtoto asibebe siku yoyote. Tena alitaka jina ambalo mwalimu wa hapa akilisoma darasani hatasita. Olivia, nilimsomea, ni mzeituni, na tawi lake ni alama ya amani. Akasema jengo letu tu lina Olivia watatu. Shiloh akalirudia mara mbili, akaliacha. Salome maana yake ni amani kabisa, na hilo lilimvutia mpaka Mama Sifa, aliyepiga simu kila siku na kuwekwa kwenye spika, bila kututajia Sifa hata mara moja, akauliza kutoka Buffalo, "Salome? Ule alicheza mpaka bakakata Yohana kichwa?" Likafa hapo. Nikajaribu Haven, yaani kimbilio, bandari tulivu. Mama Sifa akasikia Heaven. "Mbinguni? Munataka kutuma mutoto mbinguni hata hajafika kwanza duniani?" Nilijaribu kumweleza tofauti ya herufi moja, nikashindwa, na Yaya akaniashiria kwa mkono niache. Serenity lilikuwa karibu na mwisho wa ukurasa. Nikasema ni utulivu, utulivu wa ndani, wa mtu asiyeshtuka. Yaya akaniambia nirudie. Nikarudia. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mdomo ule ule uliopima neno moja kwa saa nzima ndio ulioficha yale mengine. Ilikuwa mwezi wa kumi, miadi ya saa nne asubuhi. Kliniki walikuwa na mkalimani wa simu, lakini mara ya kwanza sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, na Yaya akakataa kuzungumza habari za tumbo lake na mwanamume asiyemwona. Kwa hiyo nilikaa mimi. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, aliyesema polepole akimtazama Yaya, si mimi. Alisema shinikizo la damu limepanda na protini imeanza kuonekana kwenye mkojo. Asisafiri mbali. Kichwa kikimuuma bila kuacha, akiona vimulimuli machoni, uso au mikono ikivimba, aje hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kumuua yeye na mtoto. Nilielewa kila neno, na mara nyingi nimetamani ningekuwa na kisingizio cha Kiingereza kibaya. Yaya alikuwa ameukazia macho mdomo wangu.

"Anasema nini?"

"Anasema tansiyo imepanda kidogo. Upumzike. Ulalie upande wa kushoto."

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu."

Daktari akaniuliza kama nimemwambia yote. Nikasema ndiyo. Nilijiambia kwamba nitamwambia nyumbani, akiwa ameshiba. Nyumbani nikajiambia nitamwambia Bahati kwanza. Bahati alirudi amechoka, akalala na viatu. Siku tatu zikapita, na kila siku iliyopita ilifanya neno lile kuwa zito zaidi kulitamka, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini sikulisema jana. Nilianza kumchunguza usoni kila asubuhi kama anayekagua ukuta wenye ufa. Nilimkataza chumvi bila kumpa sababu. Nilimwambia aache kuinama. "Umekuwa mama mukwe wa pili," akaniambia.

Wiki chache baadaye likaja jambo la Columbus. Binamu yake Bahati aliyekaa Whitehall, kitongoji cha Columbus, alikuwa anatolewa mahari, na Mama Sifa angekuja kutoka Buffalo kuongoza wazee. Bahati hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo mke wake lazima aonekane badala yake. Baba Yosua wa kanisa letu, mwenye gari kubwa, alikubali kutupeleka. Usiku kabla ya safari nilisema, "Yaya, tusiende, ni mbali." Akasema, "Nisipoenda, watasema mi ndiye nilimukataza bwana yangu." Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni. Nikaenda kukunja nguo.

Tulifika Whitehall mchana wa Jumamosi. Nyumba ilikuwa na watu hadi kwenye ngazi, wanaume sebuleni, wanawake jikoni na kwenye korido, sufuria za wali zimefunikwa kwa mataulo juu ya kitanda cha wenye nyumba. Yaya alisalimia kila mtu, akapewa kiti karibu na jokofu, akapewa vitunguu vya kumenya. Nilitoka kusaidia kuteremsha soda. Niliporudi, vitunguu vilikuwa magotini mwake na kisu kimeanguka. Uso wake ulikuwa mpana kwa kuvimba, si uso ninaoujua. "Solange," akasema, "kichwa inaniuma tangu njiani, tangu Cincinnati. Na kuko vitu vinamulikamulika hapa, kama mutu anapiga picha."

Mama Sifa alifika kabla sijapata sauti. Akamshika paji la uso. "Ni safari," akasema. "Apewe maji, alale, tumuombee." Wanawake wakasogea, mtu akafunga mlango wa jikoni, wimbo ukaanza. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote mle ndani, na nilikuwa ndugu wa mke, mtu asiye na kiti kwenye kikao kile. Nikasikia mtu anapiga kelele, nikajua ni mimi.

"Mama, tusiombe hapa! Twende hospitali. Sasa hivi!"

Wimbo ukakatika. Mama Sifa akageuka polepole. "Wazee banaomba, we unapiga kelele?"

"Daktari alisema, Mama. Akiona vimulimuli, asingoje. Alisema inaua. Yeye na mtoto."

"Daktari alisema hivi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mulipanda gari?"

Aliniangalia, nadhani, kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akavua kitenge mabegani, akamfunga Yaya kiunoni, akamwinua kwa kwapa, akauliza kwa sauti iliyofika sebuleni kwa wazee, "Funguo ya gari iko na nani?" Aliomba njia nzima, kwenye kiti cha nyuma, kichwa cha Yaya kikiwa mapajani pake, na kila taa nyekundu iliposimamisha gari aliacha kuomba na kumwambia Baba Yosua, "Pita."

Mtoto alitolewa kwa upasuaji kabla jua halijazama. Kilo moja na robo. Yaya alipata degedege kabla ya upasuaji, na baada yake hakuamka. Walimpeleka chumba kimoja na mtoto chumba kingine, na mimi na Mama Sifa tukabaki tukitembea kati ya milango miwili. Daktari wa watoto akaniambia mapafu ni machanga, tutajua baada ya siku mbili tatu. Nikamtafsiria Mama Sifa neno kwa neno, mara hiyo. Yeye akasogea kwenye kisanduku cha kioo alimolazwa mtoto. Mtoto alikuwa mwekundu, na kofia kubwa kuliko kichwa, kifua kikipanda na kushuka kama cha ndege aliyeshikwa. Kwenye karatasi walikuwa wameandika Mtoto wa Kike, na jina la ukoo. Mama Sifa aliitazama karatasi ile, ingawa hakujua kusoma Kiingereza.

"Imeandikwa nani?"

"Bado hana jina, Mama."

"Mi siwezi kuombea mutu bila jina. Kama anaenda leo, aende anaitwa."

Nilijua kinachofuata. Bahati alikuwa njiani kutoka Louisville, simu yake haipatikani. Yaya alikuwa amelala na mrija mdomoni. Hapakuwa na mtu wa kumzuia yule mama kutamka jina alilolingoja miaka yote ile, na baada ya niliyoyafanya, mimi ndiye niliyekuwa na haki ndogo kuliko wote. Badala yake akauliza, "Feza alichagua nini?"

"Mama, si ulitaka Sifa?"

Aliweka kiganja kwenye kioo. "Nilitaka. Lakini nikimupa huyu, na huyu naye akienda, nitakuwa nimezika Sifa mara mbili. Niambie ile jina Feza alichagua."

Feza hakuwa amechagua. Ukweli ulikuwa huo, na ulikuwa mfupi. Ila nilimwona yule mama jinsi alivyosimama, akingoja kitu cha kushika, nikasema, "Serenity. Alichagua Serenity. Maana yake ni utulivu." Wiki chache kabla nilikuwa nimetoa maneno kinywani mwa daktari, na sasa nilitia neno kinywani mwa dada yangu. Mama Sifa akajaribu. "Sereti." Nikamwambia polepole. "Sere-ni-ti." Akarudia pale kwenye kioo, mara kumi, mara ishirini, hadi nesi aliyekuwa akibadilisha mfuko wa dawa akaanza kumsaidia kwa midomo. Alipolipata sawasawa ndipo akafumba macho na kuomba.

Yaya alifumbua macho siku ya pili. Bahati alikuwa ameshika miguu yake. Mama Sifa akainama sikioni pake, akasema kwa furaha, "Sereniti yako anapumua." Yaya hakuweza kusema bado. Macho yake yalizunguka chumba, yakanikuta mimi, yakatulia hapo.

Tulirudi Louisville karibu na Krismasi, baada ya majuma mengi ya kulala kwenye zulia la Whitehall na kupanda mabasi kwenda hospitali kwenye baridi. Watu walisema nimeokoa maisha ya watu wawili. Walisema kanisani, mbele ya wote, nikasimamishwa nikapigiwa makofi. Sijawahi kuona aibu kama ile. Mwezi wa kwanza, jikoni, Yaya akiwa anachemsha chupa za mtoto, nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa mpangilio ule ule wa daktari: safari, kichwa, vimulimuli, uso, siku hiyo hiyo, inaua. Na la jina pia. Alizima jiko. Alitoa chupa moja moja kwa koleo, akazipanga juu ya kitambaa, zote sita.

"Nilikuuliza mara mbili," akasema. "Nilisema, ni ile tu? Ukasema ni ile tu."

"Niliogopa, Yaya."

"Mi ndiye nilikuwa na kitu cha kuogopa. We ulininyima hata woga yangu."

Nikauliza kuhusu jina, kama anataka tulibadilishe. "Mi nilikuwa nataka Haven," akasema. "Lakini hiyo acha. Mama ameshazoea." Akatoka. Tangu siku hiyo, kwa miezi mitatu, aliniachia chakula kwenye sufuria lakini hakuniita mezani. Kliniki aliomba mkalimani wa simu. Mimi nilikaa chumba cha kungojea na mfuko wa nepi, nikisikiliza kupitia mlango sauti ya mwanamume nisiyemjua ikisema Kiswahili cha Tanzania, safi, kirefu, na Yaya akijibu, ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Ndipo nilipoanza, kwa uchungu, kusikiliza namna ile kazi inavyofanywa. Yule mwanamume hakuwa na huruma wala ukali. Alipitisha tu kila kitu, kizito na chepesi.

Mwezi wa nne tulipelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto. Simu ilikuwa mbovu siku hiyo. Sauti ilikuja na kukatika, ikaja na kukatika. Daktari, mzee mwenye miwani, akasema wanaweza kutupa siku nyingine, baada ya mwezi. Yaya alimpakata Serenity, akaangalia kile kisanduku cha simu, kisha akafungua mlango wa chumba cha kungojea. "Ingia," akaniambia. Nikaingia. Hakunipa kiti, nikasimama kati yao.

Daktari alisema mtoto hakazi shingo inavyotakiwa kwa umri wake. Upande wa kushoto una ugumu kwenye mguu na mkono. Huenda ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa. Huenda ni kidogo, huenda si kidogo. Niliyasikia yakija, moja baada ya lingine, kama mwezi wa kumi. Yaya alikuwa ameukazia macho mdomo wangu. Leo Serenity anatembea; alianza akiwa na mwaka na miezi saba, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, na pale Buffalo alikwenda na ua lake hadi kwenye jeneza bila kushikwa mkono. Lakini siku ile hakuna aliyejua hayo. Nikafungua mdomo, nikamwambia shingo. Nikamwambia mguu na mkono. Nikasema ubongo, neno lenyewe, sikulizungusha. Nikasema huenda, na huenda, mara zote mbili.

Yaya alimfunika mtoto miguu kwa shali.

"Muulize atatembea?"

Nikauliza. "Anasema hajui."

"Hajui, ao hataki kusema?"

Nikauliza hivyo hivyo. Daktari akavua miwani. "Anasema hajui, Yaya. Anasema angejua, angekwambia."

Akakubali kwa kichwa. Akavuta kwa mguu kiti kilichokuwa pembeni, akakisogeza karibu na chake.

"Kaa," akasema. "Sasa muulize, kesho asubuhi tuanze na nini."